Kiazi Kilicholala Hakiamshwi kwa Maji

Ifikapo Septemba, katika nyumba nyingi za Masasi, Newala na Mtwara kuna viazi vikuu vilivyosahauliwa stoo au juu ya uchaga. Hakuna aliyevimwagia maji, na udongo havijauona tangu vilipovunwa. Hata hivyo, siku moja unavikuta vimetoa machipukizi yenye urefu wa shubiri, yanatafuta mwanga kwenye upenyo wa mlango. Nyumba ya jirani, mpenda maua aliyefukia kiazi chake kwenye ndoo mwezi Juni na kukimwagilia kila jioni anafukua kuona kulikoni, anakuta uji unaonuka.

Mambo haya mawili yanapingana na kauli ambayo karibu kila anayeotesha mimea inayochipuka kutoka kwenye kiazi, ya chakula au ya mapambo, ameambiwa, kwamba maji ndiyo yanayoamsha. Maji hayaamshi kiazi. Hukihudumia kilichokwisha kuamka, na mara nyingi hukiua ambacho bado. Huku Kusini nimeona viazi vingi zaidi vikifa kwa kumwagiliwa kuliko kwa ukame, na wanaovipoteza ni wale wanaovipenda zaidi, maana ndio wanaoshindwa kukaa mikono mitupu mbele ya ndoo isiyo na jani.

Tuanze na kinachotokea chini ya udongo. Msimu unapoisha, shina na majani hukauka, na kwa mimea mingi ya aina hii mizizi nayo hufa. Kinachobaki ni akiba ya wanga, maji kiasi na protini kidogo, vyote vikiwa ndani ya ganda linalozuia visipotee. Akiba hiyo ni kitu hai. Inapumua, polepole sana, na inahitaji oksijeni. Lakini haina mizizi, kwa hiyo haiwezi kunywa hata ukiizamisha. Udongo ulioloweshwa kila siku hauna nafasi ya hewa. Seli zilizo chini ya ganda hukosa oksijeni na kufa, na bakteria wa kuozesha huingilia hapohapo. Siku unayobonyeza kiazi na kidole kikazama, uozo una wiki kadhaa tayari. Mmea wenye majani ungeyavuta yale maji na kuyatoa hewani. Kiazi kitupu kinabaki nayo.

Sasa, tunachokiona juu ni kimoja tu, ndoo isiyo na jani, ilhali kinachoendelea chini kinaweza kuwa kimoja kati ya mambo matatu tofauti. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea Gregory Lang na wenzake walipendekeza mgawanyo ambao hadi leo wanasayansi wanautumia kwa macho ya mimea ya kila namna, yaani pale chipukizi linapotokea, na kwa mkulima wa viazi vya ajabu una faida kubwa.

La kwanza ni kungoja hali ya nje. Mmea uko tayari, ila ardhi ni kavu au hewa ni baridi. Gimbi ni mfano mzuri. Lililopandwa mahali penye maji mwaka mzima halisimami kamwe, linatoa jani baada ya jani. Gimbi lilelile ukilipeleka juu kwenye mchanga mkavu, linapoteza majani na kutulia, na ukilimwagilia linarudi mara moja. Hapa, na hapa peke yake, ndipo maji yanapoamsha.

La pili ni kizuizi cha ndani. Kiazi kinaweza kupewa joto, unyevu na mwanga wa kutosha na kisifanye lolote, kwa sababu kinachokizuia kimo ndani yake mwenyewe. Dawa yake ni muda. La tatu ni kuzuiwa na jicho jingine: jicho la kichwani limeamka, na linayafanya mengine yote ya kiazi hicho yabaki kimya.

Kinachotatanisha watu ni kwamba kiazi kimoja hupitia hali hizi kwa zamu ndani ya mwaka mmoja. Kiazi cha Julai kimefungwa kutoka ndani. Kiazi hichohicho mwishoni mwa Oktoba kimeshafunguka, kinangoja tu unyevu. Kukimwagilia Julai ni kukiozesha, kukimwagilia Novemba ni kukisaidia, na ndoo kwa juu inaonekana vilevile. Ndiyo maana mtu mmoja atakuapia kwamba maji yalimwamshia kiazi kwa siku kumi, na mwingine atakuapia kwamba maji yalikiua, na wote wawili wanasema kweli.

Jamii ya viazi vikuu, ambayo wanasayansi wanaiita Dioscorea, ndiyo inayoonyesha kizuizi cha ndani waziwazi, na ndiyo tuliyo nayo karibu zaidi. Ming'oko inayochemshwa na kuuzwa stendi na barabarani kutoka Newala na Tandahimba hadi Lindi ni mmoja wa jamii hiyo, Dioscorea hirtiflora. Inachimbwa porini kwa kufuata ukambaa, yaani shina linalotambaa, uliokauka mpaka ulipozama ardhini, na mchimbaji mwenye kuujali mwaka ujao huacha kichwa cha kiazi mahali pake na kukifukia, kwa sababu ukambaa mpya huchipuka kutoka hapo. Ndiga nayo ni ya jamii hiyohiyo, na hapa nasema kwa uzito: ndiga ina sumu inayoshika mishipa ya fahamu, na waliokula wakati wa njaa waliikata vipande vyembamba na kuiloweka siku kadhaa kwenye maji yanayobadilishwa kabla ya kuthubutu kuipika. Mwingine wa kuogopwa ni Dioscorea sansibarensis, wenye majani mapana yaliyochongoka ncha na viazi vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba zake angani. Unapendeza sana ukipanda juu ya uzio. Hauliwi.

Kiazi mviringo cha Mbeya au Njombe kinapovunwa huwa na macho tayari, unayaona. Kiazi kikuu hakina. Kikivunwa, chini ya ganda lake hakuna hata chipukizi dogo lililojificha. Kwanza lazima kikundi cha seli karibu na kichwa kianze kugawanyika na kutengeneza jicho kutoka mwanzo, kisha jicho likue, kisha litoboe ganda. Kazi hiyo ina mwendo wake. Kwa kiazi kikuu cha kawaida, Dioscorea alata, vipimo vilivyochapishwa huwa kati ya wiki 14 na 16 tangu kuvunwa. Kiazi kikuu cha njano cha Afrika Magharibi huchukua wiki 4 hadi 8 tu, na vile vya kuning'inia vya Dioscorea bulbifera hukaribia wiki 20. Hesabu kutoka Mei au Juni, utafika palepale Septemba na Oktoba, wakati viazi vya uchagani vinapoanza kutoa vichwa bila kumwomba mtu tone la maji.

Joto linaweza kuubana au kuurefusha muda huo, si kuufuta. Kwenye nyuzi 25 hadi 30 viazi vikuu huamka mapema zaidi, kwenye nyuzi 16 huchelewa. Chini ya nyuzi 12 vinaumia na kuoza baadaye, kwa hiyo friji si mahali pake. Watu wengine hujaribu dawa. Jiberelini, kichocheo cha ukuaji kinachouzwa madukani, huamsha viazi mviringo vizuri, na mtu akisoma hivyo anaona hakuna ubaya kuchovya kiazi kikuu. Matokeo ni kinyume: kwenye viazi vikuu jiberelini hurefusha usingizi kwa wiki kadhaa. Sijui jambo jingine linaloonyesha vizuri zaidi kwamba huwezi kuchukua maelekezo ya kiazi kimoja ukayapeleka kwa kingine kwa sababu tu vyote ni viazi.

Nikipewa nafasi ya kumwonyesha mtu kiazi kimoja tu, ningemwonyesha cha Amorphophallus. Jamii hii ina ndugu wanaoota mwituni hapa Afrika Mashariki, wengine wa Asia kama konjac unaolimwa China na Japani kwa unga wake, na mkubwa wao kuliko wote ni titanum wa Sumatra, ambao Odoardo Beccari wa Italia aliutambulisha kwa wanasayansi mwaka 1878 na ulichanua kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 1889. Kiazi kimoja cha titanum kilichopimwa kwenye bustani ya mimea ya Edinburgh mwaka 2010 kilizidi kilo 150. Misitu ya Sumatra unakotoka hupata mvua karibu mwaka mzima, na bado kiazi hicho hupoteza jani lake na kukaa kimya miezi kadhaa kabla ya kutoa lingine. Hakuna kiangazi kinacholazimisha mapumziko hayo.

Kiazi cha jamii hii ni cha mviringo, kimebonyea kidogo juu, rangi ya kahawia. Katikati ya ule mbonyeo kuna duara la kovu, pale jani la mwaka jana lilipong'oka, na katikati ya kovu kuna jicho lenye ncha, mara nyingi la waridi. Wanaoanza huliangalia hilo jicho peke yake. Angalia pembeni yake. Kuna pete ya vidoto vidogo vyeupe, visivyozidi ukubwa wa punje ya ulezi. Hivyo ndivyo mizizi. Mmea huu hautoi mizizi chini ya kiazi, huitoa juu, kukizunguka kichwa, na inasambaa kwa mlalo. Mambo mawili yanatokana na hapo. Kwanza, ukikipanda juujuu ili jicho lichungulie nje, mizizi inakuta udongo mkavu na jua. Kifukie angalau kwa kina cha kimo chake. Pili, ile pete ndiyo inayokwambia lini uanze kumwagilia. Vidoto vikiwa vimelala bapa, acha. Vikivimba na kung'aa, panda kwenye udongo wenye unyevu hafifu. Jani likitoka na kufunguka mithili ya mwavuli, sasa mwagilia kwa moyo wote, maana kiazi cha zamani kinaliwa na jani hilo na kipya kinajengwa juu yake, na huo ndio msimu wote ulio nao. Linda jani hilo na kuku na mbuzi. Mara nyingi likivunjika hakuna lingine mpaka mwaka ujao.

Kiazi kikubwa cha konjac kinaweza pia kutoa ua kabla ya jani, kikiwa kimewekwa mezani bila udongo. Ua linanuka mzoga, kwa makusudi, ili kuwaita nzi na mbawakawa wanaolichavusha. Majirani watauliza. Vaa glavu pia unapokishika kikiwa kimekatika, kwa sababu utomvu wake una fuwele za kalisi oksaleti, zilezile zinazowasha koo kwenye gimbi lisiloiva.

Hali ya tatu, ya jicho kuzuia mengine, ndiyo pekee ambayo kisu kinasaidia. Kemikali inayoitwa oksini hutoka kwenye chipukizi la juu na kushuka, ikiyanyamazisha yaliyo chini. Ukikata kichwa cha kiazi kikuu kilichoamka, sehemu ya katikati na mkia hujitengenezea macho yake, ingawa kwa kuchelewa: kichwa hutangulia, katikati hufuata, mkia mwisho. Nigeria njia hii imetumika tangu miaka ya 1970 na 1980 kuzalisha mbegu za viazi vikuu kwa vipande vidogo vya gramu 25 hadi 50, kila kipande kikiwa na ganda. Vipande hupakwa majivu au dawa ya ukungu, na jeraha huachwa lifunge kabla ya kupandwa. Joto la nyuzi 29 hadi 32 lenye unyevunyevu mwingi hewani, kwa siku nne hadi nane, hufunga jeraha vizuri, na hali ya namna hiyo Mtwara mjini unaipata Novemba kivulini bila kutafuta mtambo wowote.

Lakini kisu hakifai kila mahali. Gloriosa superba, ua lile la moto lenye petali nyekundu na njano zilizogeukia juu, linaloparamia vichaka vya pwani yetu mvua zikichanganya, lina kiazi chenye umbo la herufi V, laini na chepesi kuvunjika. Kila mkono wa V una jicho moja tu, kwenye ncha kabisa. Ukitaka kuzidisha, utenganishe mikono miwili pale inapokutana, baada ya jicho kuonekana. Ncha ikikatika, mkono huo umekwisha, hata uwe mnene namna gani, kwa sababu haujui kujitengenezea jicho jingine kama kiazi kikuu. Na kiazi hiki kina kolikisini, sumu ambayo kwa vipimo vidogo vya hospitali ni dawa ya gauti, ugonjwa wa maumivu ya viungo, na kwa kipande cha kuchemsha ni kifo. Sri Lanka kuna watu waliokufa baada ya kukidhania kiazi cha kula. Mahali kama kwetu, ambapo watoto wanajua kuchimba ming'oko, usikipande karibu na shamba la chakula, na usikihifadhi stoo moja na viazi vya jikoni.

Mmea mmoja wa pwani yetu hauna tabu hizi zote, nao ni Zamioculcas, ambao dunia nzima inaununua kwa jina la ZZ na kuuweka maofisini. Asili yake ni ukanda huu, kutoka Kenya hadi Afrika Kusini, na vitalu vya Uholanzi ndivyo vilivyoufanya biashara kubwa kuanzia miaka ya 1990. Kiangazi kikizidi huangusha vijani vyake, na kila kijani kilichoanguka kinaweza kuunda kiazi kidogo kwenye kikonyo chake na kuanza mmea mpya. Huo unangoja mvua tu. Mwagilia, utaamka.

Kuhusu udongo sitakaa sana. Uwe unapitisha maji: mchanga wa mto, samadi iliyooza kabisa, na kitu cha kuupa wepesi. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri na hayana bei, ila uliza yametoka wapi. Yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusuka kamba yamejaa chumvi. Yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa na kuyakamua kabla hayajakaribia kiazi. Wakati wa mapumziko weka viazi kwenye mchanga mkavu, kivulini, penye hewa, mbali na panya. Vidogo vya saizi ya kidole hukauka kupita kiasi. Hivyo vinyunyizie mchanga kidogo mara mojamoja, unyevu usioonekana kwa macho. Chunguza pia vidung'ata, wale wadudu weupe wa unga, ambao hujificha kwenye mbonyeo wa kichwa na kunyonya jicho kabla halijatoka.

Lililobaki ni kalenda, na hapa ndipo watu wa Mtwara na Lindi wanapopotezwa zaidi na maelekezo ya mtandaoni. Mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wao viazi vyao hulazwa na baridi mwezi Oktoba na huamshwa Machi au Aprili, na London mchana wa Juni unauzidi wa Desemba kwa karibu saa tisa. Sisi tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta. Tofauti yetu ni saa moja na dakika chache, na baridi yetu ya Julai haiumizi kiazi chochote. Kinachogawa mwaka wetu ni mvua ya msimu mmoja, inayoanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, kisha kusi na ukavu hadi Oktoba. Kwa hiyo ukisoma "Machi, anza kumwagilia", jua kwamba Machi yako viazi vina majani na vinakunywa. Anayekwambia "Oktoba, acha maji" anakuharibia mwezi ule ambao macho yako yanavimba. Soma maelekezo yao kwa hatua ya mmea, majina ya miezi yaache.

Na hatua inayosahauliwa ni ile ya kulala. Majani yanapoanza kuwa manjano mwezi Mei watu huyakata ili bustani ipendeze. Yaache. Manjano ile ni naitrojeni na sukari zikishuka kwenye kiazi, na jani ambalo halijakauka bado linalipa. Punguza maji kidogokidogo kadiri jani linavyofifia, uache kabisa likianguka lenyewe.

Kiazi ulichoagiza kutoka nje ni kesi ya peke yake. Kwanza hakikisha kina kibali cha kuingizwa na cheti cha afya ya mimea, mambo yanayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maana minyoo fundo na kutu hazionekani kwenye picha ya muuzaji. Kisha kubali kwamba kimefika na saa ya huko. Kiazi kutoka Ulaya kitakufikia Machi au Aprili na kuanza kuchipua Mei, mvua ikikatika. Usikilazimishe kurudi kulala. Kifukie udongoni, kimwagilie katika kipindi chote cha kusi, kiwe na jani hadi Septemba. Kikilala miezi minne au mitano kitaamka Januari au Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, kipate msimu mfupi na kukauka Juni au Julai pamoja na vingine. Kitakuwa kidogo mwaka huo. Kipe samadi zaidi, na Novemba inayofuata kikague kichwani kabla ya kushika kopo la maji.